Kesi ya federali Marekani bila wakili: kanuni za nchi nzima, kanuni za mahakama yenyewe, na kanuni za jaji wako

Shemeji yangu alikuwa na siku 14, yeye akahesabu 21. Kesi yake ilikuwa Plano, Texas, kalishtaki ghala alilokuwa anafanyia kazi, upande wa pili wakapeleka maombi kesi itupwe, na yeye akawa anafuata maelekezo ya rafiki yake wa Dallas ambae kesi yake ilienda vizuri tu mwaka mmoja nyuma. Dallas mpaka Plano ni nusu saa kwa gari kama barabara haijafunga. Lakini Dallas ipo wilaya ya Kaskazini ya Texas na pale kujibu maombi ya mwenzako unapewa siku 21, Plano ipo wilaya ya Mashariki na pale ni siku 14 kwa maombi mengi. Siku ya 16 ndo ananipigia simu, eti kuna printa nyumbani?

Alipona, nitafika huko. Ila mimi sio wakili, niseme mapema, kazi yangu ni kutafsiri makaratasi ya watu, na ukishatafsiri makaratasi ya kesi kwa miaka kadhaa unaanza kuona watu wetu wanakwama sehemu zilezile. Na mara nyingi hawakwami kwenye sheria kubwa. Mtu anaweza akawa na haki yake asilimia mia na akaangushwa na kanuni ya ukurasa mmoja ambayo hakujua hata ipo. Kwahiyo kama unaweza kupata wakili, au kliniki ya msaada wa sheria ya bure, anza huko. Kama huna ndo usome hapa.

Kwanza uelewe kanuni ziko ngazi tatu

Huku kuna mahakama za wilaya 94 za shirikisho, watu wanaziita za federali. Ukisikia mahakama ya wilaya usifikirie ile ya kwetu nyuma ya ofisi ya DC, hii ya huku jaji wake anateuliwa na Rais na kupitishwa na Seneti, na kesi kubwa za serikali kuu ndo zinaanzia hapo. Juu yake zipo mahakama za rufaa 13 alafu Mahakama Kuu Kabisa kule Washington.

Ngazi ya kwanza ni kanuni za nchi nzima. Za kesi za madai zilianza kutumika 1938, baada ya Bunge lao kupitisha sheria mwaka 1934 ya kuipa Mahakama Kuu Kabisa mamlaka ya kutunga kanuni. Kabla ya hapo mahakama ya federali ilikuwa inafuata taratibu za jimbo ilipo kwa sehemu kubwa, kwahiyo wakili akivuka mpaka wa jimbo anaanza shule upya. Za jinai zikaja 1946, za rufaa 1968, za ushahidi 1975. Zikibadilishwa, mabadiliko kwa kawaida yanaanza tarehe 1 Desemba, kwahiyo ukikuta PDF ya miaka mitano nyuma kwenye simu ya mtu iache hukohuko.

Ngazi ya pili ni kanuni za mahakama yenyewe. Kanuni ya 83 ya zile za nchi nzima inawaruhusu majaji wa wilaya moja, kwa kura ya wengi wao, kutunga kanuni zao za pale pale, mradi watangaze kwanza na watu wapewe nafasi ya kutoa maoni, na mradi zisipingane na za nchi nzima wala kuzirudia. Hili la kutangaza sio mapambo. Januari 2010 mahakama ya San Francisco ilitaka kuonyesha kwa video nje ya jengo ile kesi ya ndoa za jinsia moja, ikabadilisha kanuni yake haraka haraka, na Mahakama Kuu Kabisa ikazuia matangazo kwa sababu wananchi hawakupewa muda wa kutosha wa kutoa maoni kuhusu hayo mabadiliko. Kwahiyo hata mahakama nayo ina kanuni za kutunga kanuni.

Ngazi ya tatu ni jaji wako mwenyewe. Kila jaji anaweza kuwa na maelekezo yake ya kudumu, yanawekwa kwenye ukurasa wake ndani ya tovuti ya mahakama: anataka kopi ya karatasi ofisini kwake au hataki, unaruhusiwa kumpigia karani wake simu au marufuku, kabla hujafaili maombi fulani umwandikie barua kwanza, na kadhalika. Hapa Kanuni ya 83 inakulinda kidogo: huwezi kuadhibiwa kwa kukosa kitu ambacho hakipo kwenye sheria, kanuni za nchi wala kanuni za mahakama ile, mpaka uwe ulijulishwa waziwazi kwenye kesi yako. Sasa usifurahi sana, maana majaji wengi wanachofanya ni kutoa amri siku za mwanzo inayosema "soma maelekezo yangu", na hapo umeshajulishwa.

Alafu juu ya zote hizo ni amri zinazotolewa ndani ya kesi yako. Jaji akiandika jibu liletwe tarehe 3, ni tarehe 3, achana na mahesabu ya kanuni.

Hatua ya 1: jua uko wilaya gani

Mahakama ya federali haipokei kila kesi. Iwe inahusu sheria ya federali (ubaguzi kazini, uhamiaji, polisi kuvunja haki zako za kikatiba) au iwe ninyi ni watu wa majimbo tofauti na mnagombania zaidi ya dola 75,000. Talaka, kodi ya nyumba, mirathi, hizo peleka mahakama ya jimbo.

Ikishakaa sawa hapo, tafuta kaunti yako ipo wilaya gani. Texas peke yake ina wilaya nne. Dallas ni Kaskazini, Houston ni Kusini, Plano ni Mashariki, San Antonio na Austin ni Magharibi, na kila moja ina kitabu chake. Kesi ya kuishtaki serikali yenyewe, mfano idara ya uhamiaji imekalia faili lako, kama haihusu ardhi unaruhusiwa kufungua wilaya unayoishi. Na ya uraia ina mlango wake maalum: ukishafanya intaviu ya uraia zikapita siku 120 bila jibu, sheria inakuruhusu kwenda mahakama ya wilaya ya unapoishi.

Hatua ya 2: shusha makaratasi matatu kabla hujaandika neno moja

Fungua tovuti ya mahakama yako, zote zinaishia na uscourts.gov na mbele yake herufi za jimbo na wilaya, ya Dallas ni txnd, ya Plano ni txed. Tafuta sehemu ya kanuni za mahakama, shusha. Alafu shusha kanuni za madai za nchi nzima. Karatasi ya tatu, maelekezo ya jaji, utaipata baada ya kesi kupangiwa jaji, utamjua kwa herufi za mwisho kwenye namba ya kesi.

Kuna siri moja inarahisisha sana na wengi hawaijui. Namba zinafanana. Kanuni ya 83 inalazimisha mahakama zote zifuate mpangilio mmoja wa namba, kwahiyo kama kanuni ya nchi kuhusu maombi ni ya 7, kanuni ya mahakama kuhusu maombi itaanza na 7: Dallas ni 7.1, Plano ni CV-7, San Francisco ni 7-2. Huna haja ya kusoma kurasa mia na ishirini kama riwaya. Soma za 5 (kufaili), za 7 (maombi), za 16 na 26 (ratiba na kubadilishana ushahidi), za 56 (kuomba hukumu bila kesi kusikilizwa), na za 83 ambazo mara nyingi ndo zina sehemu ya watu wanaojitetea wenyewe. Soma ya nchi kwanza, weka ya mahakama pembeni yake, alafu ya jaji. Mimi huwa naprinti hizo kurasa na kuzibana pamoja kwa namba, za 7 zote na za 7, inasaidia kuliko kuhama hama madirisha kwenye simu.

Hatua ya 3: hati ya madai

Zipo fomu za bure kwenye uscourts.gov za watu wasio na wakili, na mahakama nyingi zina za kwao pia, ukikuta ya mahakama yako tumia hiyo. Kanuni ya 8 inataka vitu vitatu tu: kwanini mahakama hii ina mamlaka, maelezo mafupi na ya wazi ya kilichotokea, na unataka nini. Mafupi. Watu wetu tunapenda kuanzia mbali, tulipokutana, tulivyokuwa tunakula pamoja, mpaka tufike kwenye kosa jaji ameshachoka. Aya zipewe namba, kila aya tukio moja.

Weka sahihi yako, anwani, imeili na namba ya simu, hiyo ni Kanuni ya 11, karatasi isiyo na sahihi inafutwa usipoirekebisha haraka ukiambiwa. Na Kanuni ya 5.2: namba ya sosho (Social Security) andika tarakimu nne za mwisho tu, akaunti ya benki nne za mwisho, tarehe ya kuzaliwa andika mwaka peke yake, mtoto mdogo andika herufi za mwanzo za majina yake. Haya makaratasi yanakuwa wazi kwa dunia nzima na karani hakukagulii, nimeona mtu kaambatanisha cheti cha mtoto kizima kizima.

Ukitaka kesi iamuliwe na jopo la wananchi badala ya jaji peke yake, lazima uombe kwa maandishi, na mwisho ni siku 14 baada ya hati ya mwisho inayogusa hilo suala kufikishwa. Usitegemee kutiki kisanduku kwenye JS 44, ile fomu ya jalada inayowekwa juu ya hati ya madai. Andika ndani ya hati yenyewe.

Ada ni dola 405. Huna? Omba usamehewe kwa fomu ya AO 239 au 240, utaeleza kipato na matumizi, useme ukweli maana unatamka chini ya adhabu ya kiapo cha uongo. Ila ukisamehewa ada jaji anaruhusiwa kuipitia kesi yako mapema na kuitupa kama haina kichwa wala miguu, kabla hata mdaiwa hajaitwa.

Na hili lipigie mstari: karani haruhusiwi kukataa kupokea karatasi yako eti kwa sababu tu umbo lake halijafuata kanuni. Kanuni ya 5 imesema hivo. Anaweza kukwambia ina kasoro, jaji anaweza kukwambia urekebishe, lakini dirishani inapokelewa. Na Kanuni ya 83 inaongezea kwamba kanuni ya mahakama inayohusu umbo tu, sijui pambizo, sijui rangi ya jalada, haitakiwi kukupotezea haki yako kama hukukosea kwa makusudi. Siku ya mwisho hiyo ni kitu tofauti. Siku ya mwisho sio umbo.

Kufaili kwa mtandao, asie na wakili haruhusiwi mpaka mahakama imruhusu kwa amri au kwa kanuni zake. Wilaya zinatofautiana sana hapa kwahiyo angalia za 5. Kama hairuhusiwi unapeleka kwa mkono au kwa posta, na ikienda kwa posta inahesabika imefailiwa siku ilipofika kwa karani, sio siku ulipobandika stempu.

Kingine, unaweza kujitetea wewe tu. Huwezi kumsimamia mkeo, huwezi kusimamia kampuni yako hata kama ni wewe peke yako mwenye hisa, na mahakama nyingi hazikuruhusu kumsimamia mwanao bila wakili.

Hatua ya 4: kumfikishia mdaiwa samansi

Una siku 90 tangu kufaili. Anaepeleka awe na miaka 18 au zaidi na asiwe mhusika kwenye kesi, yaani sio wewe, hata kwa posta, tuma rafiki. Kwa mtu binafsi au kampuni kuna njia ya kiungwana: unamtumia fomu AO 398 na 399 ukimwomba apokee bila usumbufu, ana siku 30 kuirudisha, na akikubali anapata siku 60 za kujibu tangu ulipotuma badala ya 21 za kawaida. Mawakili wengi wanakubali, maana akikataa bila sababu ya maana gharama za kumfikishia zinamrudia.

Serikali haimo kwenye huo utaratibu, na hapa ndo pamejaa makaburi. Ukiishtaki idara ya uhamiaji hutumi bahasha moja. Ni tatu: moja ofisi ya wakili wa serikali wa wilaya uliyofungulia, kwa karani wa kesi za madai, kwa mkono au kwa posta ya rejista. Ya pili kwa Mwanasheria Mkuu wa Marekani kule Washington, kwa rejista. Ya tatu kwa idara yenyewe au ofisa uliemshtaki kwa cheo chake, nayo kwa rejista. Kila bahasha ina samansi na hati ya madai. Tunza zile risiti za posta kama hati ya kiwanja, alafu yule rafiki alietuma ajaze uthibitisho na uufaili. Serikali ina siku 60 kujibu, na zinahesabiwa tangu ile ya wakili wa serikali wa wilaya ilipofika, kwahiyo ukiisahau hiyo bahasha ya kwanza utakaa miezi unasubiri jibu ambalo saa yake haijaanza hata kutembea. Ukiwa umeipeleka ya wakili wa wilaya au ya Mwanasheria Mkuu, mahakama lazima ikupe muda wa kutosha kurekebisha ile ya idara au ofisa, lakini sio wakati wote utajua mapema kwamba umekosea.

Hatua ya 5: kuhesabu siku

Kanuni ya 6. Siku ya tukio haihesabiwi, unaanza kesho yake. Hesabu kila siku, Jumamosi na Jumapili zimo, sikukuu zimo. Ila siku ya mwisho ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu ya sheria, inasogea mpaka siku ya kwanza ya kazi.

Mfano kwa tarehe za kweli. Mdaiwa alifikishiwa samansi Ijumaa tarehe 13 Juni 2025. Ana siku 21. Siku ya kwanza ni Jumamosi tarehe 14, siku ya 21 ni tarehe 4 Julai, Ijumaa, sikukuu yao ya uhuru. Inasogea, Jumamosi tarehe 5 hapana, Jumapili tarehe 6 hapana, kwahiyo mwisho ni Jumatatu tarehe 7 Julai. Tarehe 19 Juni katikati hapo ni sikukuu pia, ile ya kukumbuka mwisho wa utumwa, lakini ipo katikati kwahiyo inahesabiwa kama siku yoyote.

Ukiletewa hati kwa posta unaongezewa siku 3. Ukiletewa kwa mtandao huongezewi, zamani ilikuwa unaongezewa ila ikaondolewa 2016, na bado kuna watu wanazitegemea hizo siku tatu.

Ukiona hutawahi, omba kuongezewa muda KABLA muda haujaisha, hapo unatakiwa uwe na sababu nzuri tu. Ukishapita unatakiwa uonyeshe kwamba uzembe wako unasameheka, na huo ni mlima mwingine. Na zipo siku ambazo jaji hana hata mamlaka ya kuziongeza, mfano zile 28 za kuomba hukumu ibadilishwe.

Hatua ya 6: maombi, hapa ndo shemeji alipochinjiwa

Sikiliza. Ukishtakiwa, kanuni za nchi zinakwambia una siku 21 za kujibu. Hiyo ipo wazi, nchi nzima moja. Lakini mwenzako akipeleka maombi ndani ya kesi, tuseme anaomba kesi yako itupwe, una siku ngapi za kumjibu? Kanuni za nchi zinagusa tu muda wa kuyafikisha maombi kabla ya siku ya kusikilizwa, na siku hizi maombi mengi hayasikilizwi, jaji anasoma karatasi na kuandika. Jibu la kweli lipo kwenye kanuni za mahakama yako. Dallas 21. Plano 14, isipokuwa yale ya kuomba hukumu bila kesi kusikilizwa ambayo ni 21. San Francisco 14. Boston 14. Washington D.C. 14.

Na ukinyamaza inakuwaje? Nayo inategemea uko wapi. Houston kanuni yao ya 7.4 inasema kutojibu kunachukuliwa kuwa hupingi. Washington D.C. jaji anaweza kuhesabu kwamba umekubali. Yaani mtu ana kesi nzuri, kakaa kimya akidhani ataitwa siku ya kusikilizwa aje ajieleze kwa mdomo kama kwetu, na kesi inaisha yeye yuko kazini.

Shemeji alivyopona: tuliandika siku ileile ya 16 maombi ya kuongezewa muda, kurasa mbili, akaeleza ukweli kwamba alisoma kanuni za wilaya nyingine, hakuchelewa makusudi, kachelewa siku mbili tu na mwenzake hajaumia kwa lolote, na akaambatanisha jibu lenyewe likiwa tayari. Hiyo ya kuambatanisha ndo ilimbeba nadhani. Ila kabla ya kufaili tulikumbuka kitu kingine: mahakama nyingi, Dallas ikiwemo, kwa maombi ya aina hii zinakutaka uongee kwanza na wakili wa upande wa pili umuulize kama anapinga, alafu mwishoni mwa maombi uandike cheti kwamba mliongea na alisema nini. Shemeji hakutaka kabisa kumpigia "adui". Nikamwambia piga. Akapiga, yule wakili akasema hana neno, siku chache tu hizo, tukaandika kwamba hapingi, jaji akakubali kwa mistari miwili. Sasa mawakili wa huku ukiwapigia kwa adabu wengi wanakubali mambo madogo, kwa sababu kesho na wao wataomba.

Urefu nao uangalie. Chicago ni kurasa 15 bila ruhusa, ukipewa ruhusa ya kuzidi lazima uweke yaliyomo na orodha ya kesi ulizotaja. Dallas 25 kwa maelezo ya maombi ya kawaida. Jaji wako anaweza akapunguza zaidi. Na usidanganye kwa kubana mistari au kushusha fonti, wanaijua hiyo tangu enzi za taipureta.

Maombi ya kutaka hukumu bila kusikilizwa mashahidi ndo hatari kuliko yote kwa asie na wakili. New York na Chicago kanuni ya 56.1 inataka ujibu kila jambo alilodai mwenzako namba kwa namba, na useme ushahidi wako upo ukurasa gani, usipopinga jambo kwa namna hiyo linachukuliwa ni kweli. Kuandika "huyu bwana muongo" bila kuambatanisha kitu haisaidii.

Hatua ya 7: ukihama, sema siku hiyohiyo

Tunahama sana, leo Fort Worth kesho Des Moines kwa sababu kule viwanda vya nyama vinalipa. Kwa asie na wakili amri zinakuja kwa posta. San Francisco kanuni ya 3-11 inasema barua ya mahakama ikirudi na siku 60 zikapita hujaleta anwani mpya, kesi inaweza kufutwa. Kwingine ni maneno tofauti lakini mwisho wake uleule. Karatasi moja, kichwa cha kesi, anwani mpya, sahihi, kopi kwa mwenzako.

Kufuatilia kesi tumia PACER, tovuti ya mahakama za federali ya kuangalia makaratasi ya kesi, senti 10 kwa ukurasa, waraka mmoja hauzidi dola 3, na kama kwa robo mwaka hujazidi dola 30 hulipi kitu. Angalia kila wiki, usisubiri posta.

Hatua ya 8: Kiswahili chako na mashahidi walioko nyumbani

Mkalimani wa bure kwa sheria yao ni kwa kesi zilizoanzishwa na serikali ya Marekani, kama za jinai. Kesi ya madai uliyofungua mwenyewe, jiandae kuleta wako kwa gharama zako. Waraka wowote wa Kiswahili au Kifaransa uambatane na tafsiri ya Kiingereza na cheti cha mtafsiri kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni sahihi.

Shahidi yuko Mombasa au Bukavu? Hahitaji kutafuta wakili wa kugonga muhuri. Sheria ya federali inaruhusu tamko lililoandikwa na kusainiwa, lenye tarehe, na maneno kwamba anatamka chini ya adhabu ya kiapo cha uongo kuwa aliyosema ni kweli, ila akiwa nje ya Marekani lazima aongeze "chini ya sheria za Marekani". Maneno hayo yakikosekana mwenzako ataomba tamko liondolewe. Na msione haya ni ya walioko huku tu, waathirika wa mabomu ya ubalozi ya 1998 Nairobi na Dar walifungua kesi Washington D.C. dhidi ya Sudan na ikafika Mahakama Kuu Kabisa, ikaamuliwa 2020, na zile zote zilipita kwenye dirisha hilihili la karani.

Ukishindwa

Taarifa ya rufaa unafaili palepale mahakama ya wilaya, siku 30 tangu hukumu kuingizwa, au 60 kama serikali ya Marekani ni mhusika. Ada dola 605. Usihesabu tangu ulipopokea barua.

Alafu unaanza upya na kitabu kingine, maana kila mahakama ya rufaa nayo ina kanuni zake. Kwa kawaida kufaili kwa mtandao mwisho ni saa 6 usiku, saa za mahakama ilipo sio za kwako, na kwa karatasi ni pale dirisha la karani linapofungwa. Lakini mahakama ya rufaa ya Philadelphia tangu Julai 2023 imesema kwao hata kwa mtandao mwisho ni 5:00 jioni, na hiyo ni yao, yaani kwetu ni saa 11. Dada mmoja aliniambia "si mpaka saa tano, bado nina usiku mzima".